Shati la Nili la Baba Mkwe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, anayetupokea duniani tukiwa uchi, akatupatia wa kutuvika, akatia huruma katika mikono ya wanaoshona. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, ambaye nguo yake ilipochanika aliishona mwenyewe wala hakuona haya. Namshukuru Mola kwa kuniachia kumbukumbu zangu hadi uzee huu. Macho ameanza kuyachukua taratibu, naye hachukui ila kilicho chake.

Nilimwoa mke wangu miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Tulipanga Temeke, katika nyumba ya udongo ya makuti, mimi nikisomesha watoto Kurani asubuhi na jioni, na mchana nikilima mihogo upande wa Mtoni. Yeye alikuja na cherehani ya mkono aliyorithi kwa marehemu mama yake. Aliiweka uani, chini ya kivuli cha paa, na majirani wakamletea magauni ya watoto na foronya. Mikono ikipumzika na cherehani, alishona kofia za kuuza kwa sindano. Sijapata kumwona amekaa bure, isipokuwa akiwa juu ya msala akiswali.

Baba yake alikuwa mchukuzi bandarini, akibeba marobota ya katani. Alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mwenye maneno machache na heshima kali. Kwa watu wa kwao, mzee aliyeoza binti hali wala hapokei kitu kutoka nyumba ya mkwewe mpaka binti ajifungue. Waliona ni aibu mtu kudhaniwa amemwoza mwanawe ili apate kushiba. Na sisi Mungu alikuwa bado hajatujalia mtoto. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala mzee alikuja, akasimama barazani, akaitikia shikamoo zetu, akaulizia afya, akaenda zake. Hata maji hakunywa. Mke wangu alikuwa akimsindikiza kwa macho mpaka akate kona, kisha anarudi uani bila kusema.

Ijumaa moja alirudi akasema. Alikuwa ameona shati la baba yake limenata begani. Lilikuwa shati la marekani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi, lililochakaa, na chini yake robota lilikuwa limemchuna ngozi, kidonda kimeshika kitambaa. Shati la kaki alikuwa nalo pia, lakini kaki ngumu ikilowa jasho inasugua kama msasa. Alichokitaka mke wangu ni kile kitambaa cha dangirizi nyepesi, kilichofumwa uzi wa buluu ya nili na uzi mweupe, chenye ulaini wa shati na ukaidi wa nguo ya kazi. Alijua angeweza kumshonea. Alijua pia kwamba baba yake angelirudisha.

Nilimwambia tuwe na subira, mtoto atakuja kwa wakati wake. Akanitazama, akasema, "Mtoto tutamngoja, bwana. Bega halingoji."

Nilikaa na maneno hayo mpaka baada ya alasiri. Kisha nikamkumbusha jambo nililofundishwa na mashekhe wangu, ambalo waume wengi hulisahau kwa faida yao: chumo la mke ni lake, mume hana fungu humo ila kwa hisani yake. Zile fedha za kofia zilikuwa zake. Kitambaa kikinunuliwa kwa fedha zile, hakitakuwa kimetoka kwa mkwe, kitakuwa kimetoka kwa mwana. Aliacha kuzungusha mkono wa cherehani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, lakini isichanganyike hata senti yangu moja, la sivyo hoja yote inaanguka.

Zamani zile mke kijana hakwenda maduka ya Uhindini, kwa hiyo ilibidi niende mimi kama wakili wake. Tatizo ni kwamba mimi vitambaa sikuvijua. Kwangu mimi nguo ilikuwa safi au chafu, basi. Akaanza kunisomesha. Alitoa vipande kwenye kikapu chake, akaniambia nifumbe macho, akaushika mkono wangu akaupitisha juu yavyo pole pole. Hiki kizuri, hiki kimelishwa wanga kikajifanya kinene. Alinionyesha kukisugua kitambaa chenyewe kwa chenyewe, unga ukidondoka nikiache. Kukiinua kwenye mwanga niangalie kama nyuzi zimekaa pamoja au zimegombana. Kulowesha kidole na kukipaka, nione kama nili inakimbia. Alinisahihisha kwa upole ule ule niliotamani kuwa nao kwa wanafunzi wangu. Nilipopatia alicheka, na nakiri mara nyingine nilifumba macho hata nilipokuwa nimekwisha kujua jibu, ili aushike mkono wangu tena.

Nilikwenda Jumatatu, kwa miguu, kupitia Keko na Gerezani. Vitambaa vilikuwa vimeanza kurudi madukani baada ya ile dhiki ya vita, ambapo watu walizikana kwa sanda za kuunga. Nikaingia duka la Mhindi mmoja ambaye majirani walimsifu kwa kipimo cha haki. Alinitandazia kitambaa cha buluu kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Nikakisugua. Unga mweupe ukamwagika juu ya meza yake.

"Shekhe," akasema, "unanunua nguo au unakuna nazi?"

Nikamwambia nimetumwa na mwenye fedha. Akaleta cha pili. Hicho nilikilowesha kwa kidole, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cheupe, nikakipaka kwenye pindo la kanzu yangu. Pindo likawa la nili, na fundi aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka akacheka mpaka akasimamisha cherehani, akasema ustadhi huyu ameanza kuvaa kitambaa kabla hajakilipia. Nilicheka nao. Lakini yule Mhindi alikuwa ameacha kucheka na kuanza kuniangalia vizuri. Alikwenda nyuma akarudi na jora lililobaki kidogo, lisilo na ung'aavu wowote, upande mmoja wa buluu ya anga, upande wa pili mweupe zaidi. Nilifumba macho mbele ya watu wote nikakigusa. Kilikuwa ndicho. Kilitulia mkononi kama mtu asiye na la kuficha.

Fedha za mke wangu zilitosha shati, lakini hazikutosha shati lile alilolitaka. Yeye alitaka bega la kushoto, ambalo ndilo baba yake alilobebea, litiwe kitambaa mara mbili. Nikamwambia mwenye duka akate kinachotosha fedha zile.

"Ongeza ya mfukoni mwako," akasema. "Mke si wako?"

"Mke wangu," nikamjibu, "ila fedha zake."

Nikamweleza kisa chote, cha mzee, bega na mwiko wa kwao. Fundi wa barazani naye alisikiliza. Mfukoni kweli nilikuwa na senti zangu, na nilizisikia zikinigusa paja kila nilipogeuka. Mhindi alipima, akakata. Kisha akatazama kipande kilichobaki kwenye jora, akakikunja juu ya kile cha kwanza.

"Hiki nampa bibi mwenye fedha," akasema. "Wewe nimekupa mzigo tu."

Mke wangu alikipokea kitambaa kwa mikono miwili. Alikinusa, akakisugua, akakiinulia jua. Hakunisifu, ila alikwenda moja kwa moja kukiloweka kwenye sufuria, kwa sababu dangirizi isiporudi na kupungua majini kabla ya kukatwa, itarudi mwilini mwa mtu. Ilipokauka alisema Bismillahi, akatia mkasi. Kipimo alikuwa nacho kichwani. Alisema mwana aliyebebwa na mtu haulizi upana wa mgongo wake. Lile bega alilishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, na upande wa ndani akaulaza ili usiguse kidonda.

Ijumaa mzee alipofika barazani, mke wangu alitoka na shati limekunjwa juu ya kiganja. Nilisimama nyuma yake. Mzee hakunyoosha mkono. Aliuliza limetoka wapi, naye akamjibu limetoka kwake. Mzee akageuka kwangu.

"Mkwe, wewe ni mtu wa dini. Humu mna senti yako?"

"Hamna, baba. Ni za kofia zake. Mimi nilitumwa tu."

Alikichukua kitambaa kwenye ukingo, akalowesha kidole gumba, akakipaka. Nikaelewa mke wangu alikojifunzia. Halafu vidole vyake vikapanda mpaka begani, vikasimama.

"Hapa mara mbili. Kofia zinalipa sana siku hizi?"

Mke wangu aligeuka akanitazama. Nikasema kweli, kwamba kipande hicho Mhindi wa dukani alimzawadia yeye. Mzee alifikiri. Mke wangu hakulishusha shati.

"Mhindi," mzee akasema hatimaye, "hajaoa kwangu."

Akalichukua. Alizunguka nyuma ya ua wa makuti, na binti yake akamfuata na maji ya vuguvugu yenye chumvi, kulibandua shati la zamani pole pole. Sikwenda huko, halikuwa jambo langu. Niliwasikia tu, maji yakidondoka, na mzee akivuta pumzi mara moja kwa maumivu. Walipotoka, shati lilikuwa mwilini, na mke wangu alikuwa akimfunga kifungo cha mwisho shingoni kama anavyofungwa mtoto wa chuo cha Kurani. Mzee alizungusha mkono wa kushoto, akaushusha.

"Bega limenyamaza," akasema.

Baadaye Mungu alitujalia watoto, mwiko ukaisha wenyewe, na mzee akawa anakula kwetu na kulalamikia chumvi. Alipenda kuwaambia wageni kwamba katika nyumba hii alivishwa kabla hajalishwa. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, baba na binti. Nawaombea kila swala.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuvike afya na sitara, akupe riziki safi isiyokimbia rangi, na kama una mzazi aliye hai, akuonyeshe mahali panapomuuma mapema, na akupe mkono wa kupafikia. Amin.