Maiti Bila Matanga

Deki yangu ya video niliinunua sokoni Kibuye, kanda ikiwa imekwama ndani. Fundi alipoitoa tukakuta filamu ya katuni ya Kijapani, ya upelelezi, mojawapo ya zile zinazotoka mwaka baada ya mwaka kana kwamba Japani haiishiwi wauaji. Sikuelewa hata neno moja, na hapakuwa na haja. Mtu anauawa, mpelelezi anajikuna kidevu, anawakusanya wote sebuleni, anamnyooshea mmoja kidole, polisi wanamchukua.

Wakati huo shangazi alikuwa amekuja kukaa nami mtaani Migosi baada ya kumzika mumewe kijijini, kule Katito. Alikuja na mzigo moyoni. Mashemeji walikuwa wamemwitia kikao cha Jumamosi, kwani kwa maneno yao mumewe aliuawa na chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Shangazi alikuwa mke wa pili, na msimu ule alipanda mahindi kabla ya mke mkubwa. Akipatikana na hatia, afungashe virago.

Nilimwekea ile kanda apumzishe akili. Maiti ya kwanza ilipoanguka, alishika kichwa.

"Yawa! Huyu mtu amekufa na hakuna hata mmoja analia?"

"Wanatafuta muuaji, shangazi."

"Watatafuta baadaye. Kwanza walie. Na ng'ombe ya kuchinja iko wapi? Tenti iko wapi?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikafikiria mazishi yetu, kicheko kikaniisha. Sisi tulikuwa mabingwa wa kuzika. Miaka ile kila Jumamosi ilikuwa na jeneza lake, vipaza sauti vyake, na hotuba ya mtu anayetaka udiwani. Tulijua marehemu alisoma wapi na amechinjiwa ng'ombe wangapi. Kilichomuua hakikuwa na nafasi kwenye ratiba. "Aliugua kwa muda mfupi," msoma wasifu alisema, hata kama mtu alilala kitandani miaka miwili. Jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Shangazi alitazama mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudishe nyuma, pale sebuleni. Alipatazama tena na tena.

Jumamosi nilimsindikiza hadi Katito. Shemeji mkubwa alihutubia kuhusu mbegu mpaka wengine wakasinzia. Alipomaliza, shangazi alisimama katikati ya chumba kama yule wa katuni.

"Mzee, nakubali, nilipanda kwanza. Sasa uniambie. Ndugu yenu mdogo alikufa mwaka jana, na alikuwa na bibi mmoja tu. Huyo bibi alimtangulia nani kupanda? Ndugu anayemfuata pia tukazika. Mahindi yao pia ni mimi nilipanda?"

Mke mkubwa, ambaye kikao chote kilikuwa kikitetea haki yake bila kumuuliza neno, akasema bila kuinuka kitini:

"Mimi ndiye nilimwambia apande. Sikuweza kushika jembe. Hata leo siwezi."

Tukamtazama. Alikuwa amekonda vilevile alivyokonda mumewe siku za mwisho. Kila mtu mle ndani alijua ukimwi ukoje, maana hapakuwa na boma ambalo haukuwa umelipitia. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe. Mzee alisema tuombe, chakula kinapoa. Kesi ikaishia kwenye sahani, na shangazi akabaki na nyumba yake.

Jioni alinisindikiza mpaka kwenye barabara ya Kisii. Nilijaa furaha, nikamwambia amemshinda hata yule mpelelezi wa Japani. Hakucheka.

"Yule wa katuni ana bahati, nyathina, mwanangu," alisema. "Akionyesha muuaji, polisi wanakuja kuchukua. Mimi wangu narudi naye nyumbani, humu damuni."