Kila Mtu Kiatu Kimoja

Siku ya tatu ya matanga Mwinyimvua alikuwa bado hajatoa chozi, na mtaa mzima wa Kipata ulikuwa umeshaliona hilo. Mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta niliyasikia yote. Wako waliosema ana moyo wa jiwe. Wako pia, na hao walikuwa wanakula wali wake, walionong'ona kwamba huenda anakijua zaidi kifo cha mwanawe kuliko anavyosema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikawatazama wanavyolamba vidole, nikaona afadhali ninyamaze, maana ningefungua mdomo siku ile ningegombana na nusu ya Kariakoo.

Kweli yenyewe ni kwamba mtu yule alikuwa amekufa ganzi. Mwinyimvua alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, muuza nazi pale sokoni tangu mimi sijaoa, mtu wa maneno machache. Ukitaka nazi aliitikisa sikioni, akakupa au akaitupa pembeni, basi. Walipomletea habari kwamba lori limemgonga Kibwana kwenye mteremko wa Jangwani, alimalizia kwanza kumfulia mnunuzi nazi aliyoitaka, kisha akafunika biashara kwa gunia, akawafuata. Makaburini alishika jembe kama kibarua. Usiku alilala. Mwenyewe aliniambia barazani, huku akijibonyeza kifua kwa kidole, "Jirani, sisikii kitu. Nabonyeza hapa, sisikii."

 Nilijua yeye na mwanawe hawakuwa wakisemeshana.

Kibwana alikuwa tarishi katika ofisi moja kule Posta, kijana wa kuchana nywele na suruali nyeupe. Mwaka ule yeye na wenzake walinunua mnadani viatu vya magurudumu, vile vya chuma vya kufunga kwa mikanda, ambavyo watoto wa Uhindini walikuwa wameviacha walipokua. Viatu vilikuwa vichache na vijana walikuwa wengi, wakaamua kila mtu avae kiatu kimoja. Mguu mmoja juu ya magurudumu, mwingine wa kusukumia, na kwa kuwa namna hiyo mtu peke yake huanguka, walikwenda wawili wawili wameshikana mabega, jozi nyuma ya jozi, Jumapili asubuhi, wakiifuata lami popote ilipo. Kelele yake ilikuwa ya masufuria yanayoburutwa. Wazee waliona ni wazimu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natoka nje kuwatazama.

Jumapili moja Mwinyimvua alimtaka mwanawe waende shamba kuangua nazi. Kibwana akasema watakwenda kesho yake jioni, leo wenzake wanamngoja. Ugomvi ulikuwa huo tu. Baba akamwambia kama magurudumu ni bora kuliko minazi iliyomsomesha, basi asimwamkie tena. Kijana hakuacha. Kila asubuhi alisema shikamoo, na kila asubuhi Mwinyimvua alipita kama hakuna mtu. Mkewe, Bi. Sofia, alilia, wazee wa mtaa walikuja, mimi nilikwenda, wapi! Hata siku ya Idi alimpa mkono lakini marahaba hakuitoa.

Alasiri ya siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa, alikuja Kasmir. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpakia mizigo, na ndiye aliyekuwa mwenzi wa Kibwana katika mstari. Ile jozi ya viatu walikuwa wakigawana wao wawili. Siku ya ajali lori lilimkosa yeye kwa shubiri, akatoka na mkono uliochubuka. Siku ya mazishi tulimtazamia, kwa kuwa Mnyamwezi ni mtani wa Mzaramo na msiba bila utani haujakamilika, lakini alisimama mbali akiangalia chini. Sasa alikuja na viatu vyote viwili.

Akapanda kwenye baraza ya saruji, akavifunga, akasimama. Hakuwa amewahi kuvaa viwili. Miguu ikaenda kila mmoja upande wake, akajikuta amekumbatia nguzo. Akawalaumu Wazaramo kwamba wamezoea kupanda minazi, chini hawapawezi, na kwamba huyu wa kwao amekufa kwa uvivu ili mwenzake asukume miguu yote miwili. Watu wakacheka. Akamwiga Kibwana: kifua mbele, kitana mfukoni, shingo ikigeuka kila anapopita msichana. Wanawake wakatoka ndani kutazama. Bi. Sofia akacheka na machozi yakimtoka.

Kisha Kasmir akachuchumaa, akashika nazi ambayo haipo, akaitikisa sikioni, akainamisha kichwa sana kama mtu anayetafuta sindano. Kila mtu alijua huyo ni nani. Kicheko kikapungua. Mwinyimvua alitazama tu, kama anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Kasmir akasema kila walipofika sokoni Kibwana alikuwa akimbana bega, maana yake twende polepole. Akapita mbele yetu kwenye baraza polepole hivyo hivyo, akainama kidogo kuelekea pale alipokuwa amechuchumaa.

"Shikamoo, baba," akasema. Kisha kwa sauti nzito, sauti ya Mwinyimvua mwenyewe, "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya, nenda. Uangalie magari."

Kibwana alikuwa akijiamkia na kujijibu mwenyewe hivyo, akasema Kasmir, wenzake wakiangua kicheko, na wote wakaenda zao. Barazani kwetu hawakucheka wengi.

Mwinyimvua akauliza kama ilikuwa kila wiki. Kasmir akajibu kila Jumapili, mzee.

"Na mimi nilikuwa nikisema hivyo?"

"Ndivyo ulivyokuwa ukisema."

 Nilimwona kidole kimerudi kifuani. Desturi ni mtani kupewa kitu chake akishamaliza, na mtu mmoja alikuwa ameshaleta kuku, lakini Mwinyimvua akamzuia kwa mkono. Akamwambia Kasmir asivue viatu.

"Pita tena."

Kasmir akarudi mwanzo wa baraza, akaja polepole, akainama. "Shikamoo, baba," akasema, na safari hii hakujijibu.

 Mimi nilikuwa nimeushika mkeka kwa kucha.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwinyimvua. Ilikuwa sauti kavu ya kuuzia nazi. "Umekula?"

Kasmir alipaswa kusema amekula. Mtani haruhusiwi kulia, kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa, lakini midomo ilimtetemeka akawa hatoi neno, amesimama tu na yale magurudumu yakimteleza chini. Mwinyimvua akamwuliza tena kama amekula. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Likabaki lile la magari. Mwinyimvua alifungua mdomo alitamke, likamshinda. Akajaribu tena. Ndipo akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.