Siku Mpwa Wangu Aliponisindikiza

Sifa ni zako, Mungu uliyenifikisha uzee huu ukiwa bado unanipa miguu ya kutembea na watu wa kuwatembelea. Wewe unajua tulipo bila kutufunga kitu mwilini. Pokea shukrani zangu kabla sijasimulia.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anaishi Carrollton na mkewe. Aliendesha gari akiwa amekunywa, akamgonga mama mmoja na kumvunja mguu. Hakukana. Alikaa jela miezi kadhaa, kisha hakimu akamruhusu amalizie kifungo nyumbani, akiwa amefungwa juu ya kifundo cha mguu kifaa kinachotuma habari za mahali alipo. Watu wanakiita bangili. Anaruhusiwa kwenda kazini ghalani, kanisani Jumapili, na kwa daktari. Nje ya hapo, mwisho wake ni geti la majengo wanamoishi. Akivuka bila ruhusa, anaweza kurudishwa jela.

Haya yote niliyajua. Nilipotoka kwangu Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, kwenda kumwona, niliwaombea njiani yeye na yule mama aliyeumia, maana sala ya upande mmoja naiona ina kilema.

Nilimkuta amekaa kando ya ukuta, waya umetoka kwenye umeme ukaingia mguuni kwake. Mkewe akacheka. "Mjomba, msalimie hapo hapo. Huyu akichajiwa hasimami."

Tukala ugali kwa sombe, yale majani ya muhogo, tukaomba. Alasiri nikainuka kuondoka, naye akainuka. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mwenyeji anamsindikiza, na ni kazi ya mgeni kusema, "Basi, inatosha, rudi." Mwenyeji hawezi kugeuka mwenyewe, ingekuwa kama kumfukuza mtu. Tena mtu aliyetoka Houston!

Maegesho ya wageni yalikuwa yamejaa, kwa hiyo gari nililiacha barabara ya nyuma, nje ya geti. Tukaenda taratibu. Nikaanza kumweleza jinsi mama yake alivyokuwa akiimba shambani, sauti mbovu, majirani wanahama mashamba. Tukasimama acheke. Tukaendelea, tukasimama tena. Tukapita geti, na mimi, mzee wa kanisa ninayewafundisha wengine kuwa macho, sikusema neno lile. Kusema kweli, nilikuwa nafurahi mno.

Bangili ikatetemeka. "Chaji inaisha," akasema, na tukaenda hadi kwenye gari. Kumbe haikuwa chaji: hapo simu yake ikalia. Ofisa anayemsimamia alikuwa anauliza yuko wapi na anakwenda wapi.

"Siendi popote," akajibu kwa Kiingereza. "Niko na mjomba."

Akaambiwa arudi ndani mara moja, na kesho asubuhi afike ofisini.

Siku hiyo sikusafiri tena. Mkewe akaweka mkono shavuni, akasema, "Mjomba, wewe mwaka huu utasindikizwa mpaka mahakamani." Tukacheka wote. Halafu mkewe akalia.

Asubuhi niliingia ofisini na mpwa wangu. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole lakini si wa mchezo. Nikamwambia kosa ni langu. Nikatafuta neno la Kiingereza la kusindikiza, nisilipate. Kumwonyesha mtu njia? Njia niliijua. Kumlinda? Ilikuwa mchana, barabara tulivu.

"Basi alitoka kwa nini?" akauliza.

Nikasema, "Ili nisiondoke kama mtu asiyependwa."

Akatugeuzia kompyuta. Palikuwa na ramani yenye vitone, kila kimoja mahali alipokuwa mpwa wangu. Kutoka mlangoni vilisogea kidogo, vikarundikana, vikasogea, vikarundikana tena. Nikaweka kidole. "Hapa alikuwa anacheka," nikasema. "Hapa pia."

Ofisa akavitazama vile vitone. "Mtu anayetoroka hatembei hivi," akasema.

Akaandika onyo. Akamwambia wazi kwamba kosa la pili litakwenda kwa hakimu, na yeye hatalizuia. Mpwa wangu akatia sahihi.

Wengi kanisani wanasema kifaa kile ni mnyororo. Sibishani nao, sijakivaa. Lakini asubuhi ile kilisema juu ya mtoto wetu ukweli ambao Kiingereza changu kilishindwa kuusema.

Mchana niliagana nao sebuleni, nikatoka peke yangu na mlango nikaufunga mwenyewe. Iliniuma. Nilipofika Houston mkewe akanipigia: mume wake ameenda kazini, amerudi, amekula, analala.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kusimama nawe siku utakapokosea, na moyo wa kusimama na mwingine. Aliyeumizwa apone, aliyeumiza atengenezeke, na kila mmoja alale kwake kwa amani. Amina.