Wapita Njia Wawili na Mkate Mrefu

Mimi Ufaransa nilikwenda kunywa maji. Nikisema hivyo hapa Laurel watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ukinivumilia utaona sijakudanganya, au nimekudanganya kidogo tu.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa nafua nguo katika nyumba moja ya wazee. Mashuka, taulo, na soksi ambazo hazina mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kuchagua, na sikulalamika, maana chumba cha mashine kina joto zuri wakati wa theluji. Binti yangu ni nesi. Alikuja nchi hii akiwa mdogo, na ukimwambia jambo kwa Kiswahili atalisikia lote, halafu akujibu kwa Kiingereza. Basi jioni moja akaniambia, kwa hicho Kiingereza chake, kwamba amepata mtu. Kijana Mkongomani anayekaa Sterling, jimbo la jirani la Virginia. Nikamuuliza swali moja tu: "Anakula?"

Usinishangae. Mimi mwenyewe nilipokwenda kuposa, mama mkwe wangu aliuliza hivyo hivyo kutoka upande wa pili wa ukuta, maana kwetu magharibi ya Kenya mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani uso. Nilisikia sauti tu inasema, "Huyo kijana anakula?" Miaka yote mpaka alipofariki sikumjua sura vizuri, lakini ile sauti naijua mpaka leo. Haya, nimeanza kupotea.

Baba wa yule kijana alikuwa anasukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege wa Dulles. Mtu mnene, mcheshi, wa Bukavu. Alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akatoa lililomleta.

"Mukwe," akasema.

"Bado," nikamwambia. Hatujafika huko.

"Bon. Bado. Sikiliza basi. Ule mutoto alilelewa na mama yangu wakati wa vita. Mimi nilikuwa nimekimbia mbele. Ni mama alimubeba. Sasa mama anasema hapana ndoa mpaka aone kwa macho yake mutu wa damu ya ule musichana."

"Aje amwone."

"Magoti imevimba. Hawezi kupanda ndege. Mama iko na dada yangu kule Ufaransa, mu kijiji."

"Tumtumie picha."

"Nilituma. Akasema picha haina harufu."

Na kijana mwenyewe alikuwa ameshamwambia binti yangu kwamba bila neno la nyanya yake hataoa. Nilimpenda kwa hilo, na liliniudhi pia. Binti yangu hakuwa mtoto tena. Alikuwa amewakataa wengine kabla ya huyu, na tangu ampate huyu alikuwa anaimba jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mama yake atuache. Sasa kuimba kulikuwa kumekoma. Kumpeleka yeye haikuwezekana, maana msichana hajipeleki. Wa damu yake aliyebaki upande huu wa bahari nilikuwa mimi.

Nikanunua kadi ya simu, nikampigia ndugu yangu nyumbani. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Baba wa msichana apande ndege aende kwa watu wa mvulana? Tangu lini kisima kikamfuata mwenye kiu?"

Alisema kweli. Kwetu ukifanya hivyo ni kama umezunguka na binti kichwani kama kikapu cha ndizi. Nilikwenda kazini siku kadhaa nikikunja mashuka na neno hilo likizunguka ndani kama nguo kwenye mashine. Halafu likanijia. Kama kisima hakimfuati mwenye kiu, basi mimi nitakwenda kama mwenye kiu. Nitakwenda Ufaransa kutembea, kama Wazungu wanavyofanya, kuangalia vijiji vya zamani. Na kama katika kutembea huko nitashikwa na kiu mbele ya nyumba fulani, nani atanilaumu?

Baba wa kijana alipiga makofi aliposikia. "Unatembea kwa nini sasa, kwa mutuka?"

"Kwa gari mtu anafika haraka, na anayefika haraka alikuwa anakwenda mahali. Tutatumia baiskeli."

Hapo alipunguza kucheka.

Kwa hiyo mwezi wa tisa, wakati zabibu zimeiva, treni ndogo ilitushusha sisi wazee wawili katika mji mmoja wa kusini, na karibu na stesheni tukakodi baiskeli. Nyumba aliyokaa mama wa mwenzangu ilikuwa katika kijiji cha tatu. Mimi ujanani nilibeba miwa kwa baiskeli, kwa hiyo nilipanda nikaenda. Mwenzangu alipanda kama mtu anayepanda ng'ombe.

Nikamwambia sharti langu: "Kama tumesema tumekuja kuangalia vijiji, lazima tuviangalie kweli. Uongo nusu nusu siuwezi."

"Papa, mama ananingojea."

"Hakungojei. Wewe ni mpita njia."

Kijiji cha kwanza kilikuwa juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa mawe na lango moja. Tulisukuma baiskeli kupanda, na sitaficha, makalio yangu yalishukuru. Ndani njia zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ungeweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Ngazi za nyumba zilikuwa zimelika katikati kama sabuni iliyotumika, kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Nilikaa pale nikazitazama. Mbele ya kanisa kulikuwa na jiwe lenye majina ya vijana waliokufa vitani. Mimi husoma polepole, herufi kwa herufi, na nilipofika katikati nikaona jina moja la ukoo limejirudia mara nne. Nikavua kofia. Mwenzangu alikuwa amesimama kwa haraka zake, lakini alipoona jina hilo naye akavua.

Tukashuka kupitia mizabibu. Njia ilikuwa na milozi na vumbi jeupe, na upepo ulinukia majani yaliyokauka. Mwenzangu alikuwa nyuma, akihema na kutukana baiskeli kwa Kifaransa, na mimi nikajikuta napiga mluzi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimekuja kwa ujanja.

Kijiji cha pili ndicho kilichonikamata. Chini karibu na mto kulikuwa na paa la vigae lisilo na kuta, na chini yake birika refu la mawe, maji yanaingia huku yanatokea kule. Ukingoni mawe yamelazwa kwa mteremko, laini kama viganja. Sikuhitaji kuambiwa. Ni pa kufulia. Mimi mtu wa mashine na vitufe, nilipiga magoti pale, nikatoa leso yangu, nikaanza kuifikicha.

"Papa, tumekuja kufua?"

"Wewe umekuja kufanya nini? Wewe ni mpita njia."

Bibi mmoja wa pale alikuwa anapita na kikapu. Akasimama, akanitazama, akasema neno. Mwenzangu akacheka mpaka akashika nguzo.

"Anasema unaibembeleza kama mutoto. Anasema mama yake alikuwa anapiga nguo na ubao, na kijiji yote inasikia."

Bibi akaweka kikapu chini, akanionyesha kwa mkono mtupu namna ya kupiga, pa, pa, na hapo tukawa watu wawili wa kazi moja. Akatuacha na salamu. Leso yangu niliifunga kwenye usukani ikauke.

Tulipokaribia kijiji cha tatu ndipo shida ikanijia. Siwezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, hilo haliwezekani. Lakini mpita njia habebi zawadi. Mpita njia akija na zawadi huyo ni mgeni, na mgeni ni mtu aliyekuja kwa makusudi, na sisi tulikuwa tunapita tu. Nilisimamisha baiskeli tukabishana kando ya barabara. Mwenzangu akasema tununue maua. Maua! Mtu ana njaa humpi maua. Mwisho nikaona duka la mkate. Mpita njia anaruhusiwa kuwa na mkate. Nikanunua ule mrefu wao, nikaufunga nyuma ya baiskeli kama muwa.

Mama wa mwenzangu alikuwa amekaa mlangoni peke yake, dada mtu akiwa kazini, kwenye kiti cha nyasi, kitenge magotini. Mwanawe alianza kufungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Hodi, mama," nikasema.

"Karibu. Munatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu. Tunapita tu, tunaangalia vijiji. Tumeshikwa na kiu."

Akanitazama, akatazama mkate, akatazama leso kwenye usukani. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amegeuka anachunguza mti kama mtu wa misitu.

"Na huyu mwenye ananyamaza, ni bubu?"

"Ni mwenzangu wa safari."

"Anafanana na mutoto yangu moja. Lakini ule alikuwa mwembamba."

Mabega ya mwenzangu yalianza kutikisika kwa kicheko. Mama akatuletea maji kwenye jagi, ya baridi, nikanywa yote maana kiu sasa ilikuwa ya kweli. Akauliza, "Muliona nini mu hivyo vijiji?"

Hapo nikashukuru sharti langu. Nilimweleza ngazi zilizolika. Nilimweleza yale majina manne, naye akafumba macho kidogo, kwa sababu ana majina yake pia. Nilimweleza birika na bibi wa kikapu, nikampigia pa, pa, na hapo akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajachekeshwa kwa lugha yake siku nyingi. Akasema amekaa pale muda mrefu na hakujua kama kuna mahali pa namna ile, maana magoti hayampeleki. Nikaendelea kusimulia. Ukinipa mtu anayesikiliza mimi sina breki.

Alipotuingiza ndani, kulikuwa kunanukia. Sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi wale wanaowaita makayabu, na sufuria ya bugali, ugali wao, ambayo ingeweza kulisha harusi.

"Mama," nikasema, "huwa unapika hivi kila siku?"

"Ninapika ya bapita njia."

"Wanapita wengi huku?"

"Nyiye ni ba kwanza."

Tukala. Yeye alikula mkate wangu na samaki, akasema mkate ni muzuri. Halafu akafuta mikono.

"Una batoto, mupita njia?"

"Nina binti mmoja, mama. Nesi."

"Anakula?"

Ilikuwa kama ile sauti ya upande wa pili wa ukuta imevuka bahari, ila safari hii ilikuwa na uso. "Anakula, mama," nikasema. "Anakula, na anaimba akipika. Yaani alikuwa anaimba."

Akainuka kwa shida, akakataa kushikwa, akaingia chumbani akarudi na kitenge kipya kilichokunjwa, cha rangi ya machungwa na ndege wa buluu.

"Ukirudi kwenu," akasema, "kama utapita nyumba yenye iko na musichana mwenye anakula, umuachie hii. Umuambie aimbe. Ile nguo haina uzito, haiwezi kukushinda ku velo, ile baiskeli yako."

Kisha akamgeukia yule bubu. "Na weye, mutu wa miti. Kuja usalimie mama yako."

Sitasema mengi juu ya hapo. Mtu mnene akilia hulia mwili mzima.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, kitenge kimefungwa pale mkate ulipokuwa. Kwenye kilima tukashuka kusukuma.

"Mukwe," akasema, na akageuka kusubiri jibu langu.

"Tairi yako ya nyuma haina upepo, mkwe," nikamwambia. "Ndiyo maana unateseka."

Nilipofika Laurel nikampigia ndugu yangu.

"Nasikia ulikwenda kwao," akasema.

"Nilikwenda kutembea. Nikaomba maji."

"Yalikuwaje hayo maji?"

"Yalikuwa na samaki," nikamwambia, na kutoka jikoni binti yangu akanipigia kelele kwa Kiingereza nipunguze sauti, halafu akaendelea kuimba.