Bodi Ndani ya Bodi

Juzi fundi mmoja mjini Kitale alifungua laptopu yangu, akachungulia ndani, akatikisa kichwa akaniambia, "Madam, hapa shida ni bodi." Nikacheka mpaka akanitazama vibaya. Alidhani simwamini. Rafiki yangu, kama angejua neno hilo lilitufanyia nini kwetu Bungoma nilipokuwa mtoto, angeweka bisibisi chini na kunivutia stuli nimsimulie. Kwa kuwa yeye alikuwa na haraka zake, acha nikusimulie wewe.

Mama alikuwa na chuo cha kupiga chapa. Chuo ni jina la heshima tu, maana kilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusagia mahindi, na unga ulipenya kila mahali. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kusugua unga katikati ya vitufe vya taipureta kwa mswaki mzee. Chumba kilinukia mafuta ya cherehani, karatasi za kaboni na ndizi mbivu za wanafunzi. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanawake tu: waliokatizwa shule, waliozaa mapema, waliochoka kuuza nyanya juani. Saa nne chai ya maziwa ililetwa kwa birika pamoja na viazi vitamu, kisha kelele zikaanza tena, tak tak tak, na ting kila mstari ulipofika mwisho. Mama alizunguka nyuma yao akisema, "Kidole kivivu hupiga herufi ya jirani." Mimi nilidhani ni maneno ya Biblia.

Basi ng'ambo ya barabara kikafunguliwa chuo kingine, chenye vioo na kompyuta zilizopangwa safu nzima. Haikupita muda, watu wa mitihani wakatangaza kwamba chuo kisicho na hata kompyuta moja inayofanya kazi hakitaruhusiwa kufanya mtihani tena, na mkaguzi atapita kuangalia kabla muhula haujaisha. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti nani angebaki kwetu? Mama alikuwa mjane. Ndugu za baba walikuwa wamemwambia tangu mwanzo arudi kijijini Kamukuywa alime, mambo ya ofisi ni ya wanaume. Walikuwa wanangoja tu aanguke. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililijua vizuri sana.

Si kwamba hatukuwa na kompyuta kabisa. Tulikuwa na moja tuliyoachiwa na wamishonari walipofungasha kurudi kwao, zile za zamani ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, nzito, rangi ya uji wa wimbi. Ilikuwa imekufa. Ukiichomeka kwa stima, kioo kililia chwaa, malaika ya mkono yakasimama, kisha ikabaki giza tu. Mama aliifunika kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Akampigia simu khocha, yaani kaka yake, aliyekuwa akiishi Kitale na kununua mahindi huko Moi's Bridge. Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni na network ilipatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo. Mama akapanda huko na viatu vyake vya ofisi, akapaza sauti, "Nitafutie kompyuta iliyotumika! Bodi hata ikiwa imekwaruzwa si neno, bora ifanye kazi!" Simu ilikuwa ikikatika. Kilichofika Kitale ni "bodi" na "ifanye kazi."

Khocha alitokea Ijumaa na gunia la mahindi begani, jasho likimtoka, akitabasamu kama bwana harusi. Humo ndani hamkuwa na mahindi. Alitoa kibao cha kijani kilichofungwa gazeti, kina feni ndogo mgongoni, kisha diski, kisha kisanduku cha chuma chenye nyaya za kila rangi.

"Dada, nimereta," akasema. Ulimi wa khocha haukuwahi kutofautisha l na r.

"Kompyuta iko wapi?"

"Si urisema bodi? Hii ndiyo bodi, na inafanya kazi. Yule mtu ariniwashia nikaona kwa macho."

"Nilisema bodi ya nje, wewe. Ile ya kukwaruzika."

"Sasa ya nje si ungesema kava?"

Na mimi nilimwelewa khocha, maana kwetu mwili wa gari ni bodi, na kibao cha kijani ndani ya redio pia ni bodi, na hakuna aliyewahi kuona shida. Mama alimpakulia ugali na mrenda, akatoka nje asikae naye. Ndipo mwalimu wa chuo cha ng'ambo akaja kutusalimia, salamu za kuchungulia tu. Akaviona vile vitu juu ya gunia. "Madam, ati siku hizi kompyuta mnafundishia kwa gunia?" Wanafunzi wake waliosimama mlangoni wakacheka. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na hata leo sijamaliza.

Alipoondoka, mama alikwenda kwenye ile mashine ya wamishonari. Akaondoa maua, akakunja kitambaa, akaigonga ubavuni kwa kidole.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Bodi tunayo. Bodi tumeletewa. Basi bodi iingie kwa bodi."

Kesho yake, Jumamosi, tulianza asubuhi chai ikiwa bado moto. Mama alikuwa akitengeneza taipureta zake mwenyewe miaka yote, na alikuwa na mtindo wake: kila skrubu iliyotoka iliwekwa kwenye shimo lake katika trei ya mayai, kwa mpangilio, na ole wako uisogeze. Alimwonya khocha asiguse nyuma ya kioo, hata kama haijachomekwa, maana stima hubaki humo. Khocha akagusa. Alirushwa akakaa juu ya gunia, akitazama vidole vyake. Mama aliendelea kufungua skrubu.

Bodi ya zamani ikatoka. Mpya ikakataa kukaa, mashimo hayakulingana. Mama akakata mirija ya kalamu za wino vipande vifupi, akaifanya miguu. Kisanduku cha stima nacho kilikuwa kinene, ikabidi khocha akate fremu ya ndani kwa msumeno wa chuma, mbwa wa jirani wakibweka kwa ile kelele. Kilichotuogopesha zaidi kilikuwa waya wa skrini, maana usipokubaliana na bodi mpya, yote hayo ni bure. Mkono wangu pekee ndio uliopita kwenye upenyo uliobaki. Nikapapasa, nikasukuma, nikasikia vijipini vikiingia safu kwa safu. Nikasema, "Imekubali."

Kifuniko cha nyuma hakikufunga. Tulikifunga kwa blada, ile mipira ya tyubu wanayofungia mizigo kwenye baiskeli. Tukachomeka. Kimya. Nilimwona mama akifumba macho. Khocha ndiye aliyekumbuka kwamba muuzaji aliiwasha kwa kugusanisha vijipini viwili vya pembeni kwa ncha ya bisibisi. Waya za swichi ya zamani zikapelekwa pale. Mama akabonyeza. Feni ikanguruma, unga wa miaka yote ukatoka kwa matundu ukanijaa usoni, na kwenye kioo kile kizee herufi nyeupe zikaanza kushuka. Khocha alipiga magoti kabisa. Mimi nililia, sioni haya kukwambia.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Akaizunguka mashine, akavuta blada kidogo, ikarudi pap. "Hii ni kompyuta ya miaka gani?"

"Nje ni mzee, ndani ni kijana," mama akajibu.

Hakucheka. Alimwita mwanafunzi mmoja, mama wa watoto, mjamzito tena, akamsomea barua haraka haraka kana kwamba anakimbizwa. Yule mwanafunzi akaipiga yote, nukta na mikato. Mkaguzi aliisoma kwenye kioo kwa utaratibu, akachomoa kalamu, akasema mtihani utafanyika hapa. Halafu mmoja akasukuma kichwa cha taipureta yake, kile kinachobeba karatasi, mpaka kengele ikalia ting, na mwingine, na wote, chumba kizima kikalia kengele. Ng'ambo ya barabara sura zikajaa kwenye vioo.

Jioni tulichinja kuku, khocha akaja tena, na wanafunzi wakabaki kula nasi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume. Mwanamke kuila ilikuwa mwiko, na tangu baba afariki alikuwa akipewa khocha akija. Siku ile khocha aliishika kwa vidole, akaiweka juu ya ugali wa mama, mbele ya wanawake wote.

"Kura, dada. Umeifanyia kazi."

Mama aliila yote, akitafuna polepole, akitazama mlango kana kwamba anangoja ndugu za baba waingie wamkute.

Chuo hakipo tena, pale sasa wanauza simu. Taipureta zilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na ile mashine yenyewe kioo kilififia mpaka kikazimika. Vijana hawajui hata ting ilikuwa sauti ya nini. Mwiko nao umekufa: firigisi za kukaanga zinauzwa Bungoma kwa vijiti, wasichana wanakula wakitembea, nami nafurahi kuwaona. Kila nikipita humnunulia mama na kumpelekea Kamukuywa, alikokwenda kuzeekea kwa hiari yake, si kwa kufukuzwa. Meno yamebaki machache. Hutafuna, hutafuna, hutikisa kichwa.

"Tamu," huniambia. "Lakini hii ni ya kununua."