Mlango wa Gereji ya Bwana Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika msumeno wala randa. Fundi Mkuu alinipeleka kwenye nyumba ya Bwana Daktari pale Shinyanga, akaifunga milango ya gereji, akaniambia niisukume kwa bega. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimetoka kuchunga na kulima, nikasukuma. Milango ikaingia ndani kidogo, kisha ikarudi.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

Nikasema nimesikia mlio upande wa juu.

"Bawaba ya juu imelegea. Wewe ni mtu mmoja. Upepo wa mvua za kwanza ni watu mia wanaosukuma kwa pamoja, na hawachoki."

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa pwani aliyehamia Shinyanga tangu reli haijafika. Alisali sala zote tano, alivaa kofia nyeupe hata akiwa juu ya paa, na Kisukuma alikisema kwa lafudhi iliyotuchekesha. Asubuhi akitukuta alisema "Mwangaluka" kama sisi, nasi tulimwamkia "Shikamoo, Fundi". Idara ya majengo ilikuwa na mafundi saba, na yeye ndiye aliyetugawia kazi. Juu yake alikuwepo Bwana Mkaguzi, Mzungu mfupi aliyetembea na daftari, ambaye tulimwona mara moja kwa wiki.

Ninyi vijana mtashangaa kwamba mlango wa gari ulikuwa kazi ya kutosha kumpa mtu riziki. Motokaa zilikuwa chache miaka ile, lakini kila aliyekuwa nayo alijengewa gereji, na nyumba nyingi za wakubwa zilijengwa na gereji ubavuni, chini ya bati moja na vyumba vya kulala. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe. Nchi ya Shinyanga ni tambarare, haina kitu cha kukinga upepo. Mwisho wa kiangazi, mvua inapokaribia, upepo hutangulia na vumbi jekundu, wakati mwingine na mvua ya mawe. Mlango wa kawaida una upana wa mtu mmoja. Wa gereji una upana wa motokaa na nafasi ya kupita pande zote mbili. Ndio tundu kubwa kuliko yote katika nyumba, na limezibwa kwa mbao tu.

Fundi Mkuu alitueleza hivi: upepo ukiuvunja mlango huo hauishii kuharibu motokaa. Unaingia na kukosa pa kutokea, basi unasukuma juu. Ukuta wa nyumba una ubao unaolala juu yake, unaoitwa mtambaapanya, na paa lote limepigiliwa hapo. Paa limetengenezwa kubeba uzito unaoshuka, halikutengenezwa kuvutwa kwenda juu. Kwa hiyo nyumba inaanza kubomoka mlangoni na kumalizikia darini.

Kila mwaka majani yalipokauka kabisa Bwana Mkaguzi alitoa orodha ya nyumba, nasi tukaanza. Kwanza tulikagua miimo, yaani nguzo mbili za pembeni zinazobeba mlango, kwa kuchoma chini kwa patasi. Patasi ikizama, mchwa wamo. Kisha tuling'oa skrubu za bawaba na kuweka bolti zinazopenya mbao hadi upande wa pili, zikakazwa kwa nati. Tulipiga ubao wa mshazari nyuma ya kila mlango ili usipinde. Komeo la chini tulilitobolea shimo ndani ya jiwe, maana shimo la udongo hufumuka. La mwisho lilikuwa pingo, mti mnene wa mninga unaokingama milango yote miwili kwa ndani, ukikaa kwenye vishikio vya chuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye miimo. Komeo huzuia mlango usifunguke, pingo huuzuia usipinde katikati, na katikati ndipo upepo unapopiga kwa nguvu zaidi.

Nilifanya kazi hiyo Shinyanga misimu sita. Kisha machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita yakaanza kujengwa, kampuni moja ikaomba mafundi, na Fundi Mkuu akanitaja mimi. Siku ya kuagana alinipa timazi yake, ile risasi ya kuning'iniza kwenye uzi ili kujua kama nguzo imesimama wima. Akaniambia, "Kule utakuwa mkubwa wa kazi. Hutakuwa na mtu wa kukusukumia mlango. Sukuma mwenyewe."

Geita ilikuwa milima na misitu, na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mhandisi wa Majengo, mtu mwenye haraka, aliyesema Kiswahili cha amri tupu. Nyumba ya Bwana Meneja ilijengwa juu ya kilima ili aone machimbo yote, na gereji ikaelekezwa mashariki, kule kule upepo unakotoka. Nilimwambia Bwana Mhandisi. Akajibu kwamba barabara iko upande huo, na gari haliingii dirishani.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Msumbwa wa upande wa Runzewe, tuliyemwita Baba Kulwa kwa sababu ya mapacha wake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, mpole, na kila nilipofanya kazi pale aliniletea chai jikoni. Mke na watoto aliwaacha nyumbani, akawa anawapelekea nguo kila lori lilipokwenda huko.

Mwaka wa pili nilichelewa. Tulikuwa na nyumba nyingi mpya na mafundi wachache, na bolti ndefu nilizoagiza Mwanza zilikuwa bado hazijashushwa Nkome, ambako mizigo yetu ilipitia ikitoka ziwani. Gereji ya Bwana Meneja niliikamilisha yote isipokuwa vishikio vya pingo. Vile haviwezi kushikwa kwa misumari. Nililiegemeza pingo ukutani, nikiwa na nia ya kurudi bolti zikifika. Siku hiyo hiyo Bwana Mhandisi aliita orodha.

"Nyumba zote tayari?"

Nikaona uso wake, nikakumbuka tayari alikuwa amemkaripia mwashi mbele ya watu asubuhi ile. Nikasema tayari. Nikaandika "tayari" mbele ya kila nyumba na kutia sahihi.

Nilipopita kuchukua vyombo vyangu, Baba Kulwa alikuwa anafagia gereji. "Fundi, huu mlango umekwisha? Mti huu mbona umeegemezwa ukutani?"

"Umekwisha, Baba Kulwa. Huo ni wa akiba."

Hakuna aliyenilazimisha kumjibu hivyo. Yeye hakuwa mkubwa wangu wala hakuwa na orodha mkononi. Nilimdanganya kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja, na wa pili ulinitoka kwa urahisi.

Upepo ulikuja siku ya nne, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa karakana, nikaona mashariki pamekuwa pekundu, kisha bati letu likaanza kulia. Nikakumbuka lile pingo. Nilitoka mbio kupanda kilima, lakini mawe ya mvua yalinipiga hadi nikajibanza nyuma ya lori. Nilipofika juu, mlango mmoja wa gereji ulikuwa umelala ndani na nusu ya paa ilikuwa bondeni. Bwana Meneja alikuwa machimboni, motokaa alikwenda nayo. Baba Kulwa alikuwa chini ya mlango.

Tuliuinua watu wanne. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti. Alikuwa anajitambua. Aliponiona alisema taratibu tu, "Nilikuja kutia komeo. Nikauegemea mlango. Uliniambia umekwisha."

Asubuhi yake Bwana Mhandisi alisimama kwenye kifusi na kuniambia kwamba mpishi hakufunga mlango. Ndivyo atakavyoandika, na mpishi akitoka hospitali atafute kazi pengine. Hakunitazama vibaya. Nadhani aliona ananisaidia, na anajisaidia yeye mwenyewe, maana orodha ilikuwa na sahihi zetu wote wawili.

Nataka kusema ukweli hapa: nilitaka kumwachia aandike hivyo. Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule, na kazi ya ukubwa nilikuwa naipenda. Nikainama kana kwamba naokota misumari. Nikaliona komeo la chini, bado limo ndani ya jiwe.

"Alifunga, Bwana," nikasema.

"Umejuaje? Hukuwepo."

"Komeo limepinda likiwa ndani ya shimo. Komeo lisilofungwa halipindi."

Akainama akaangalia. "Basi mlango umevunjika kwa nini?"

"Hapakuwa na pingo."

"Karatasi inasema lipo."

"Karatasi niliandika mimi, Bwana. Niliandika uongo. Tazama miimo, haina hata tundu la bolti."

Akapapasa miimo yote miwili kwa vidole. Akafunga daftari na kuniambia nisiguse kitu mpaka Bwana Meneja aje. Mbele ya Bwana Meneja nilirudia maneno yale yale. Niliondolewa ukubwa siku hiyo, nikapelekwa Nkome kutengeneza maghala chini ya fundi niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe. Baba Kulwa hakufukuzwa.

Kabla ya kuondoka nilikwenda hospitali ya machimbo. Alikuwa amelazwa, mguu umefungwa kwa vibao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikaanza kueleza habari za bolti na meli iliyochelewa.

"Hayo sikuulizi," akanikatiza. "Ungeniambia haujakwisha, ningekaa jikoni."

Nikakaa naye mpaka chakula chake kilipoletwa, nikamsaidia kuinuka ili ale. Hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe. Alirudi jikoni baada ya miezi mingi, akichechemea, na alichechemea hivyo maisha yake yote. Watu waliotoka Geita waliponiletea salamu zake nilizipokea, nikarudisha zangu. Zaidi ya hapo hatukuwahi kulizungumza jambo lile.

Nkome nilikaa misimu miwili, katikati ya harufu ya dagaa na upepo wa ziwa ambao hauna msimu. Huko nilijifunza upya kazi niliyodhani naijua. Fundi mkubwa wangu, yule niliyemfundisha, hakuninyanyasa. Ila kila nilipomwambia kazi imekwisha alikuja kuangalia, na alikuwa na haki. Baadaye Bwana Mkaguzi wa Shinyanga akaniomba nirudi. Fundi Mkuu alikuwa amezeeka na macho yake yamefifia. Nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tu kama miimo ilikuwa ya mvule au mninga. Baada ya miaka michache nilikaa mahali pake, na ndipo nilipostaafia.

Nilipokuwa Fundi Mkuu niligawa neno "tayari" mara mbili kwenye orodha: "imekwisha" na "haijakwisha". Fundi ambaye hakumaliza aliandika "haijakwisha" na sababu yake, na hakuna aliyekaripiwa kwa kuandika hivyo. Mabwana wawili watatu hawakupenda, kwa sababu orodha zilionekana mbaya. Lakini kwa orodha mbaya tulijua ni nyumba ipi ya kuwaambia watu wakae mbali na gereji upepo ukija, na tuliwaambia kwa midomo yetu, kuanzia mwenye nyumba hadi mfagiaji.

Siku hizi naona milango ya chuma inayokunjwa kwenda juu. Ni mizuri. Nayo ina reli pembeni, na reli ina bolti, na bolti hulegea.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, nilikuwa nyumbani kwa binti yangu hapa Shinyanga. Mkwe wangu ana pikapu, na gereji yake niliikagua mimi mwezi mmoja kabla. Tulikuwa tunakula upepo ulipofika. Bati lilinguruma, vumbi likaingia chini ya dirisha, binti yangu akafunika ugali kwa kitambaa. Mlango wa gereji ulipigwa mara tatu hivi. Mkwe wangu alikuwa anasimulia habari ya bei ya pamba, akapaza sauti kidogo ili tumsikie, akaendelea. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nikamega tonge langu nikala.