Inchi Nane za Shemeji

Katika nyumba hii ya wakwe, mimi ndiye niliyetangulia kuwa na mashine ya kukereza chuma, na nitalisema hilo hata wakinuna. Ni ndogo, ya kuweka juu ya meza, ya mwalimu asiye na makuu. Chuma kirefu kabisa inachoshika ni cha inchi kumi na nne. Kisha shemeji yangu, yule aliyeoa dada ya mke wangu, akanunua ya inchi ishirini na mbili.

Wivu ulinikaba, sifichi. Jumapili baada ya kanisa alitualika kwake mjini Nyeri tuione. Niliizunguka nikitafuta kasoro. Gia zake za chuma, zangu za plastiki. Na uzito, ati wanaume wanne ndio walioishusha! Yangu naibeba mwenyewe.

"Funga mdomo, nzi wataingia," mke wangu akaninong'onezea.

Haukupita muda, mhimili wa mashine ya baba mkwe ya kukata nyasi za ng'ombe ukalika, kule Giakanja. Fundi wa kuchomelea akaujaza chuma pale ulipolika; ilibaki kuukereza hadi bering, ile pete ya chuma inayoushikilia ukizunguka, iingie. Urefu wake inchi ishirini na moja. Mzee hakuniuliza hata kwa adabu tu. Akaupeleka kwa shemeji, nami nikaenda kutazama, nikiomba ashindwe.

Akashindwa! Zile inchi ishirini na mbili hupimwa mashine ikiwa tupu, kati ya zile ncha zake mbili kali zinazoshikilia chuma huku na huku. Ukifunga kichwa kile chenye meno ya kubana chuma, kinakula inchi zake. Mhimili ukakataa kuenea. Shemeji akageuza huku, akageuza kule, jasho likamtoka. Moyoni nikapiga vigelegele.

"Haya," mzee akasema, "basi mama yenu aendelee na panga tu."

Hapo akanimaliza. Mama mkwe alikuwa akiwakatia ng'ombe nyasi kwa mkono, na kifundo kilikuwa kimevimba. Kama angekuwa mzee mwenyewe, ningenyamaza mpaka kesho.

"Toa hicho kichwa!" nikafoka. "Mhimili ukae kati ya ncha mbili, halafu uufunge kibano cha kuuvuta uzunguke na mashine."

"Kibano niko nacho wapi?" shemeji akauliza.

Kilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Nilikitengeneza kwa mashine yangu ndogo, na nilikuwa nangoja kubembelezwa.

Tukakifunga. Chuma kikazunguka, nyuzi zake zikamwagika sakafuni, na bering ikaingia bila nyundo. Mzee akaushika mkono wa shemeji kwa mikono yake yote miwili.

"Mashine kubwa ni mashine kubwa," akasema. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Na wewe Mwalimu, usijali. Mungu akisaidia, utanunua kama hii siku moja."

"Asante, baba," nikajibu. Nikafungua kibano changu, kingali moto, nikakirudisha mfukoni.